Mkono wa Mwalimu na Mkono wa Mtoto: Uhakiki wa Kufundisha Uchoraji kwa Kielelezo cha Wasanii Mashuhuri

1. Utangulizi

Kati ya njia za kufundisha uchoraji katika shule za msingi, ipo moja ambayo imeenea katika nchi nyingi: kumweka mtoto mbele ya kazi ya msanii mashuhuri. Mwalimu huonyesha picha ya Van Gogh, ya Matisse, ya Mondrian au ya Picasso, husimulia maisha ya msanii kwa maneno machache, kisha huwaagiza watoto wachore «kwa namna yake». Mwisho wa juma picha hubandikwa ukutani, wazazi hualikwa, nao husifu. Njia hii ina mvuto ulio wazi. Humpa mwalimu asiyesomea uchoraji mahali pa kuanzia, humpa mtoto majina ya kukumbuka, na huleta matokeo yanayopendeza macho kwa saa moja tu ya kazi.

Makala haya yanakusudia kuihakiki njia hiyo. Kwamba wasanii mashuhuri wana haki ya kuingia darasani ni jambo lisilobishaniwa hapa, kwa maana mtoto asiyeonyeshwa kazi njema hana pa kujipimia. Swali ni lile la ndani zaidi: mtoto anachukua nini hasa kutoka kwa msanii, na anabaki na nini picha ikishaondolewa ukutani? Ili swali hilo lisielee hewani, makala yatalipima kwa historia ya Lubumbashi, mji ambao kwa zaidi ya miaka sabini umejaribu majibu yanayopingana juu ya jambo hili hili, na ambao wachoraji wake ni mashuhuri duniani ingawa watoto wa shule zake wanaweza kumaliza darasa la sita bila kuyasikia majina yao.

2. Maneno matatu: kunakili, kuiga, kufasiri

Mjadala wa ufundishaji wa uchoraji hutatizwa mara nyingi na utumizi wa neno moja kwa mambo matatu. Kiswahili, kwa bahati njema, kina maneno ya kutosha ya kuyatenganisha.

Kunakili ni neno lililotoka katika Kiarabu, na asili yake ni kuhamisha kitu toka mahali hadi mahali. Anayenakili huhamisha umbo: mstari uliokuwa kule sasa uko huku. Kinachopimwa ni usawa wa vitu viwili. Kuiga ni jambo jingine. Anayeiga hutazama tendo na kutenda vivyo hivyo. Kinachoigwa ni mwendo wa mkono, wala si alama iliyoachwa na mwendo huo. Kufasiri ni kupokea maana, kuielewa, na kuisema upya kwa lugha yake mtu.

Vincent van Gogh mwenyewe anatoa ushahidi bora wa tofauti hiyo. Alipokuwa katika hospitali ya Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1889 na 1890, alichora kwa rangi picha zipatazo ishirini zilizotokana na kazi za Jean-François Millet. Mbele yake alikuwa na picha zilizochapwa kwa weusi na weupe tu. Katika barua kwa ndugu yake Theo aliilinganisha kazi hiyo na tafsiri: kuyahamishia mambo ya mwanga na kivuli katika lugha ya rangi. Msanii huyo huyo, mahali hapo hapo, mnamo Juni 1889, alichora picha ya usiku wenye nyota ambayo leo yawezekana ndiyo kazi inayonakiliwa kuliko zote katika madarasa ya watoto. Hapa pana kinaya. Aliyekuwa mfasiri anafundishwa kwa kunakiliwa. Mwalimu huchora ubaoni mti mrefu upande wa kushoto, kijiji chini, mwezi juu upande wa kulia, na watoto wote hujaza mizunguko ya buluu. Mtoto hakuulizwa usiku wa kwao unafananaje, wala kama nyota za kwao huzunguka.

Msomi wa isimu hataona ugeni wowote katika jambo hili. Ni muda mrefu sasa tangu elimu ya lugha ikubali kwamba mtoto hajifunzi kusema kwa kurudia sentensi alizozisikia. Huzisikia sentensi, akatoa ndani yake kanuni, na kwa kanuni hizo akaunda sentensi ambazo hakuna aliyewahi kumwambia. Mtoto mdogo asemaye «majino» mahali pa «meno» hakufundishwa neno hilo na mzazi. Ameishika kanuni ya wingi na kuivusha mpaka. Kosa lake ni dalili ya kufahamu. Lakini darasa la kunakili halina nafasi ya kosa la namna hiyo: ndani yake kila tofauti na kielelezo huhesabiwa kuwa upungufu, hata pale ambapo tofauti hiyo ndiyo alama ya kwanza ya fikira.

3. Nadharia mbili na nusu yake

Historia ya elimu ya sanaa kwa watoto imeyumba kati ya pande mbili. Upande wa kwanza ulianzia Vienna, ambako Franz Cižek alifungua darasa la watoto mwaka 1897. Yeye aliamini kwamba sanaa ya mtoto ina sheria zake yenyewe na kwamba kazi ya mtu mzima ni kutoiharibu. Nusu karne baadaye, mwaka 1947, Viktor Lowenfeld alitoa nchini Marekani kitabu chake *Creative and Mental Growth*, kilichosomwa na vizazi vya walimu. Humo alipinga vitabu vya kujaza rangi na mazoezi ya kunakili, akidai kwamba humzoeza mtoto kutojiamini. Kwa upande huu, msanii mashuhuri angojee mlangoni.

Upande wa pili ulipata nguvu katika miaka ya 1970. Brent na Marjorie Wilson, katika uchunguzi wao wa michoro ya vijana, walionyesha kwamba mtoto asiyeathiriwa hayupo. Kila mchoro una wazazi wake: vitabu vya picha, televisheni, michoro ya kaka na ya jirani. Ikiwa mtoto ataiga kwa vyovyote vile, basi afadhali aonyeshwe kazi zilizo bora. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa taasisi ya Getty huko Marekani, wazo hilo lilifanywa mpango wenye nguzo nne: kutenda sanaa, kujua historia yake, kuihakiki, na kutafakari uzuri ni nini. Mpango huo ulichangia sana kuwaleta wasanii mashuhuri katika shule za msingi.

Mpango huo ulikuwa na mizani. Lakini katika safari ya kutoka vitabuni hadi darasani, nguzo tatu zilianguka njiani. Historia ikawa tarehe ya kuzaliwa na kisa cha sikio lililokatwa. Uhakiki na tafakuri vikatoweka kabisa. Kutenda kukabaki peke yake, nako kukawa kunakili. Njia inayohakikiwa hapa ni ile nusu iliyosalia.

Mfano wa Picasso unadhihirisha hasara ya nusu hiyo. Watoto huagizwa wachore uso wenye jicho moja la ubavuni na jingine la mbele, «kama Picasso». Lakini Picasso mwenyewe, wakati wa kuchora *Les Demoiselles d'Avignon* mwaka 1907, alikuwa ametembelea jumba la makumbusho la Trocadéro mjini Paris na kukuta humo vinyago vya Afrika. Mtoto wa Kongo afundishwaye uso huo bila habari hiyo ataamini kwamba uhuru wa kuuvunja na kuuunda upya uso wa binadamu ulizaliwa Ulaya. Ni kama mtu arudishiwaye neno la lugha ya babu yake, akaambiwa ni neno la kigeni, akashukuru.

4. Hangari ya Elisabethville

Mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, karakana ya uchoraji iliyojulikana kwa jina la «Le Hangar». Miongoni mwa waliofanya kazi humo walikuwemo Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela. Msimamo wa Romain-Desfossés ulikaribiana na ule wa Cižek: hakutaka wachoraji wake wafuate mifano ya Ulaya. Aliwahimiza watazame maumbile na kumbukumbu zao, kisha kila mmoja atafute mkono wake.

Matokeo yanastahili kuelezwa kwa makini, kwa sababu ndiyo hoja kubwa ya upande huo. Pilipili alijaza uwanja wa picha kwa nukta, majani na vistari vidogo, na juu yake wakapita ndege, samaki na nyoka waliochorwa kwa usahihi wa mtu aliyewatazama siku nyingi. Mwenze alijenga miili ya watu na wanyama kwa vistari vifupi vilivyopangwa sambamba, hata wanaopigana na wanaowinda wakaonekana kana kwamba wamefumwa. Bela aliacha brashi na kuchora kwa ncha za vidole. Watu watatu walifanya kazi chini ya paa moja, mbele ya mlezi mmoja, na hakuna anayeweza kuchanganya kazi ya mmoja na ya mwingine. Ni darasa gani la «kuchora kama Van Gogh» linaloweza kujisifu hivyo?

Hata hivyo sifa hiyo isifunike kasoro. Pilipili, aliyezaliwa mwaka 1914, alikuwa mtu mzima alipoingia karakana hiyo. Njia iliyobuniwa Vienna kwa ajili ya watoto ilitumiwa hapa kwa watu wazima, kwa dhana kwamba Mwafrika ana usafi wa kitoto ambao elimu ingeuchafua. Kumzuilia mtu mifano ya nje si sawa na kumpa uhuru. Aliyezuia ndiye aliyekuwa ameiona mifano yote. Aidha, kazi hizo zilipata wanunuzi Wazungu, na ladha ya mnunuzi ni mwalimu asiyesema. Mwaka 1951 Laurent Moonens alianzisha katika mji huo huo chuo cha sanaa kilichofuata mtaala wa kawaida wa shule za sanaa, na baada ya Romain-Desfossés kufariki mwaka 1954 wachoraji wa Hangari waliingizwa huko. Mji ukawa umejaribu pande zote mbili katika muda usiofika miaka kumi.

Funzo la Hangari kwa shule ya msingi ni hili: wachoraji wale hawakupewa picha ya kunakili, lakini walipewa muda, vifaa, na mtu aliyetazama kazi yao siku baada ya siku. Anayechukua marufuku ya kunakili bila kuchukua malezi yale hupata darasa tupu. Na anayechukua samaki wa Pilipili na kumfanya kielelezo cha kunakili, watoto arobaini wakatoa samaki arobaini wa namna moja, amemfanyia Pilipili lile lile alilofanyiwa Van Gogh. Kubadili jina la msanii, kutoka Mzungu hadi mwananchi, hakubadili njia.

5. Ukumbusho: somo la wachoraji wa mtaa

Ipo shule ya tatu mjini Lubumbashi ambayo haikuwa na jengo wala mkurugenzi. Hiyo ni shule ya wachoraji wa mtaa waliostawi hasa katika miaka ya 1970, waliochora juu ya vitambaa vya magunia ya unga na kuuza nyumba kwa nyumba. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian waliichunguza kazi hiyo wakati ule, na mwaka 1996 Johannes Fabian alichapisha katika *Remembering the Present* picha 101 za Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, zinazosimulia historia ya nchi tangu zamani za mababu.

Katika shule hii kunakili hakukuwa aibu. Mnunuzi alitaka picha inayojulikana: mamba muntu, Lumumba, au ile iliyoitwa *Colonie Belge*, yenye askari mweusi anayemchapa mfungwa fimbo mbele ya mkubwa Mzungu. Mchoraji aliirudia mara nyingi, na wenzake pia. Juu juu, hili ndilo darasa la nakala ambalo sehemu zilizotangulia zimelilaumu. Tofauti iko katika neno moja ambalo wachoraji na wanunuzi wa Katanga walilitumia kwa Kiswahili chao: ukumbusho. Picha ilitundikwa sebuleni ili ikumbushe, na ili ikumbushe ilipaswa kusimuliwa. Mgeni aliuliza, mwenye nyumba akajibu, na jibu likazaa masimulizi mengine. Tshibumba mwenyewe alieleza picha zake moja moja kwa Kiswahili, na maelezo hayo ni sehemu ya kazi yake kama zilivyo rangi.

Kwa hiyo kurudia umbo hakukuua fikira, kwa kuwa umbo lilikuwa limebeba jambo ambalo mchoraji na mtazamaji walilijua wote wawili. Alama ya askari na mfungwa ilikuwa kama methali: maneno ni yale yale, lakini hakuna anayeisema bila sababu yake ya siku hiyo. Mtoto anayenakili nyota za Saint-Rémy amepewa methali bila kuambiwa husemwa lini.

Habari ya Albert Lubaki inaongeza uzito upande huo huo. Mnamo 1926 mtumishi wa serikali ya Ubelgiji aitwaye Georges Thiry alivutiwa huko Bukama na michoro iliyopamba kuta za nyumba, akampa Lubaki karatasi na rangi za maji. Mwaka 1929 kazi hizo zilionyeshwa Brussels, na mwaka 2015 zilikuwa mwanzoni mwa maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo mjini Paris. Karatasi ilikuwa ngeni. Mkono haukuwa mgeni. Mtoto naye, kabla ya kufika shuleni, amekwisha kuchora kwa kijiti mchangani na kwa kaa la makala ukutani, hata akakemewa. Mwalimu anayeanza kana kwamba mtoto hana mkono amesahau ukuta huo.

6. Darasani

Uhakiki usiofika darasani ni nusu uhakiki. Hali ya shule za msingi nchini inajulikana. Tangu elimu ya msingi ya bure ilipotekelezwa mwaka 2019, madarasa mengi yamefurika. Karatasi na rangi ni vitu adimu, na picha za wachoraji haziko vitabuni. Upungufu huo ni hoja nyingine dhidi ya njia ya nakala, ambayo hudai rangi zile zile za kielelezo. Kuiga mwendo na kufasiri maana hakudai hivyo. Vistari vya Mwenze vinaweza kujaribiwa kwa makala juu ya katoni, na udongo mwekundu, uliochanganywa na maji, huwafundisha wanafunzi wa Bela kile ambacho brashi haiwezi kuwafundisha.

Mpangilio wa somo ndio wenye uzito. Kwanza watoto watazame, na waseme wanachoona kabla jina la msanii halijatajwa. Pili waige mwendo peke yake, kwa dakika chache, bila kitu chochote cha kuchora: nukta, vistari, alama za vidole. Tatu kielelezo kiondolewe machoni. Hatua hii ndiyo inayorukwa, nayo ndiyo inayotenganisha nakala na fasiri. Nne kila mtoto atumie mwendo ule kwa jambo la kwao: soko, mvua, msiba wa jirani, baiskeli iliyobeba magunia ya makala. Mwisho, kila picha isimuliwe.

Hatua ya mwisho inahusu idara za Kiswahili moja kwa moja. Sheria ya elimu Na. 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 imezipa lugha za taifa nafasi ya kuwa lugha za kufundishia. Lakini nafasi hiyo hubaki tupu ikiwa mtoto hana jambo lake la kusema. Picha aliyoichora mwenyewe humpa jambo hilo. Mwalimu asikiaye masimulizi ya picha hufundisha uchoraji na lugha kwa pumzi moja.

Wapo watakaojibu kwamba kunakili huzoeza jicho na kutia nidhamu, na kwamba watoto wenyewe hukupenda. Jibu hilo ni la kweli na halina budi kukubaliwa. Kunakili kuna mahali pake, kama imla ilivyo na mahali pake katika somo la lugha. Lakini hakuna mwalimu aliyewahi kusahihisha imla akaiita insha, wala kumsifu mwanafunzi kwa mawazo mazuri aliyosomewa na mwalimu. Kosa linalohakikiwa hapa ni la kuibandika imla ukutani chini ya jina la insha, na kumwambia mtoto kwamba sasa yeye ni msanii.

7. Hitimisho

Kipimo cha somo la namna hii kiwe rahisi, hata mkaguzi asiyejua uchoraji aweze kukitumia. Majina yaliyoandikwa kwenye picha yafunikwe, kisha mama wa mtoto aitwe. Ikiwa ataitambua kazi ya mwanawe kati ya arobaini, msanii mashuhuri alifanya kazi yake darasani. Ikiwa hawezi, basi ukutani kuna picha moja ya mwalimu iliyorudiwa mara arobaini.

Pilipili, Mwenze na Bela wangefaulu kipimo hicho, na Tshibumba pia, ingawa alirudia picha moja mara nyingi. Wametuachia mikono minne isiyofanana, iliyofanya kazi katika mji mmoja na ndani ya muda usiozidi miaka arobaini. Watoto wa mji huo wanastahili kuonyeshwa kazi zao, pamoja na za Van Gogh na Matisse, kwa njia isiyowafanya wakopaji wa mkono wa mtu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: aliyelelewa kwa kufuata mstari wa mwalimu atakua akiungojea mstari huo, na siku utakapokosekana hataweza kuchora hata mlango wa nyumba yao.